Anko wa Sharifa, Mjomba Wangu

Basi likisimama Nangurukuru, kabla hata vumbi halijatulia, madirisha yote hujaa sauti. "Anko, korosho! Anko, mayai haya! Anko, maji baridi!" Vijana hunyanyua masinia na mabeseni mpaka usawa wa pua yako, harufu ya korosho za kukaanga ikaingia ndani pamoja na moshi wa dizeli, na kila mwanamume aliyekaa dirishani, awe shehe au askari wa likizo, anageuka anko wa watu asiowajua. Wenzangu hununua na kuteta bei. Mimi hununa. Ndiyo, mtu mzima mimi, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na mtoto wangu ninaye, lakini neno hilo likipigiwa kelele nafunga dirisha langu. Ni wivu, msomaji wangu, wala sitaupamba. Ninao tangu utotoni, na aliyenitia ni binti mmoja wa Kilwa Masoko aitwaye Sharifa.

Ili uelewe nilivyoumia, lazima kwanza ujue mjomba kwetu ni nani. Kwetu ni Milola, bara ya Lindi. Sisi ni Wamwera, na ukoo wetu hufuata tumbo la mama. Baba anakuzaa, anaheshimiwa, shikamoo yake anapewa, lakini shauri likiwa zito, msichana akiposwa, mtoto akiugua, shamba likigombewa, swali huwa moja tu: "Mjomba wake anasemaje?" Mwanamume akifa, mikorosho yake huwaendea watoto wa dada yake. Watoto wake wa kuwazaa wana mjomba wao kwa upande wa mama yao, nao watakula huko. Ndivyo tulivyokuzwa, na wala hatukuona ajabu yoyote.

Baba yangu mzazi alikuwapo, tena mzima wa afya, lakini alikuwa Nachingwea kwa mke mwingine. Alikuja kwa nadra. Alikalishwa kwenye kiti cha wageni, akanywa chai, akauliza kama nasoma, akaondoka. Nilimwita baba kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa nimwite. Neno lenyewe niliona halina uzito wala kazi, limewekwa tu pale kwa adabu. Mtu wangu alikuwa Mjomba Bakari, kaka pekee wa mama yangu.

Mjomba Bakari alikuwa akiwapikia wafanyakazi wa mitambo ya gesi kule kisiwani Songo Songo. Zamu yake ikiisha alivuka kwa boti, akashika gari mpaka Lindi, na kutoka Lindi akaja kwetu juu ya lori lolote lililokuwa likija kubeba mazao. Nilijua amefika kabla sijamtia machoni, kwa sababu begi lake lilinuka pweza mkavu, harufu ya chumvi na jua, na kijiji kizima cha wakulima kiligeuza shingo kuitafuta inatoka wapi. Bibi Somoe, aliyewazaa yeye na mama yangu, alimloweka yule pweza, akamchemsha, akamuunga kwa nazi mpaka mchuzi ukawa mzito wa rangi ya tofali. Sasa ile ncha ya mkono wa pweza, ile inayojikunja, unayotafuna taratibu mpaka utamu utoke wenyewe, ilikuwa yangu. Mjomba aliichukua kwa vidole vyake, akaiweka upande wangu wa sinia na kusema, "Ya Mwajuma hii. Mwenye kuitamani akatafute mjomba wake." Watu wote wakaangua kicheko. Nami nikatafuna polepole, nikiwatazama mmoja mmoja, ili wauone utajiri wangu.

Mwaka ninaousema nilikuwa nahitimu Kurani. Katika ukoo wetu, mtoto akihitimu, mjomba wake humbeba begani kutoka chuoni mpaka nyumbani, kama vijana wa jando wanavyobebwa na wajomba zao wakitoka porini. Dufu hutangulia, wanawake hufuata na vigelegele, na mtoto huyo juu, ameshikwa miguu, anaona mapaa ya nyumba zote. Nilikuwa nimeiota siku hiyo tangu nisome alifu kwa kijiti. Mjomba aliahidi atakuja, na Mjomba alikuwa mtu wa ahadi.

Alikuja kweli, ila hakuja peke yake. Alishuka kwenye lori, kisha akamshusha mwanamke mwenye baibui jeusi, ndiye mke aliyemwoa Kilwa Masoko, tuliyekuwa tukimsikia tu. Halafu akanyoosha mikono tena juu, akashusha mtoto wa kike wa rika langu, mwembamba, kandambili zake zina maua ya plastiki. Mtoto yule hakuwa wa Mjomba. Mama yake alikuja naye kwenye ndoa. Nikakimbia kumpokea Mjomba begi, ile nanyoosha mkono tu nikasikia, "Anko, nimechoka. Anko, nishike mkono."

Na Mjomba akamshika mkono! Begi akanipa mimi.

"Bibi," nikauliza jikoni, "anko ndiyo nini?"

"Ndiyo mjomba huko kwa watu wa mjini," Bibi akajibu, akipuliza moto. "Kizungu hicho."

Lo! Nilihisi nimeibiwa mchana kweupe. Kumbe ni neno lile lile nililokuwa na ugomvi nalo tangu shuleni. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa ameandika ubaoni 'uncle', akatufundisha kwamba huyo ni mjomba, tena ni baba mkubwa, tena ni baba mdogo, tena ni mume wa shangazi. Nilinyoosha kidole nikamuuliza, "Mwalimu, sasa Waingereza wanajuaje nani wa kuwabeba begani?" Darasa zima lilicheka, nikaambiwa nikae chini. Nilikaa, lakini moyoni nilisema watu hawa hawana wajomba, wana maanko tu, na mtu mwenye anko wanne hana hata mmoja. Sikujua kwamba neno lile litapanda lori na kuja mpaka Milola kunitafuta.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Sharifa alijua mambo ya Mjomba wangu ambayo mimi sikuyajua. Alijua anataka chai yenye tangawizi nyingi na sukari kidogo. Alijua anakoroma. "Anko anakoroma, jamani, mpaka paka anaamka," alisema kwa kicheko, nami sikuwahi kujua kama Mjomba anakoroma, na ilinichoma kupita kiasi kwamba mtoto huyu mgeni amelala nyumba moja naye siku nyingi kuliko mimi. Alimmenyea machungwa. Alimtolea miba miguuni. Kila alipokaa, kandambili zile za maua zilikuwa ubavuni mwake. Na pweza alipoiva, Mjomba akaishika ile ncha, akaitazama, akaikata vipande viwili. Kimoja akaniwekea mimi, kimoja akamwekea yeye. Nilikisukuma kipande changu pembeni mwa sinia. Kaka zangu wakakila bila hata kuuliza.

Bibi aliniona. Bibi Somoe alikuwa akiniita mke mwenzake, kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Mke mwenzangu," akaniambia, "wivu huo utakuvimbisha mashavu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Muache mtoto wa watu azoee."

"Azoee, lakini amwite baba!" nikasema. "Si amemwoa mama yake? Mbona amwite mjomba, mjomba wake huyo?"

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Lakini mimi sikuwa natania. Hapa ndipo watu wa makabila mengine wasiponielewa nikiwasimulia. Wanadhani nilimwonea wivu Sharifa kwa kuwa kama mwana kwa Mjomba. Hata! Angemwita baba tangu siku ya kwanza, nisingekuwa na neno naye. Baba alikuwa nani kwangu? Mtu wa kiti cha wageni. Ningempa Sharifa huo ubaba wote, na kandambili zangu juu yake. Lakini kumwita anko ilikuwa ni kukaa kwenye kigoda changu mimi mwenyewe, nami nimesimama naangalia.

Ilikuwa msimu wa korosho. Siku mbili kabla ya kuhitimu kwangu tulitumwa mimi na yeye kuokota mikoroshoni. Chini kulitapakaa mabibo yaliyoiva na mengine yaliyoanza kuchacha, harufu ile tamu ya kulevya imejaa kila mahali, nyuki wanavuma. Nilimfundisha kunyonga korosho itoke kwenye bibo bila utomvu kumrukia. Nilimfundisha kwa ukali, kama askari. Halafu nikashindwa kuvumilia.

"Kwa nini unamwita anko?"

"Mama kaniambia."

"Anko ni mjomba. Yule ni mjomba wangu mimi. Wewe mjomba wako yuko wapi?"

"Sina," akasema. "Mama kwao amezaliwa peke yake."

Nilishtuka. Mtu hana mjomba! Kwetu hiyo ni sawa na kuambiwa mtu hana kwao. Kidogo nimwonee huruma, lakini wivu ukaniwahi.

"Basi mwite baba," nikamwambia. "Kamwoa mama yako, si ndiye baba yako? Mwite baba, uniachie mjomba wangu."

Sharifa alinyonga korosho moja, akaitia kwenye ndoo, akachukua nyingine. Hakuniangalia.

"Mama kasema nimwite anko kwanza. Baba, mpaka tuone kama atakaa."

"Atakaa wapi?"

"Kwetu. Wale wengine niliwaita anko, wakaondoka. Mmoja nilimwita baba."

"Akafanyaje?"

"Naye akaondoka."

Mtu mzima angenyamaza pale. Mimi nilikuwa mtoto, na katika maneno yote yale nililosikia ni moja tu, kwamba kuna mtu anamdhania Mjomba wangu kuwa ni wa kuondoka. Damu ikanipanda.

"Ebo! Mjomba wangu haondoki! Hao wengine sijui ni wa wapi, lakini huyu ni wa Bibi Somoe wa Milola. Akisema anakuja, anakuja. Mvua ikikata barabara, anakuja kwa miguu. Unamfananisha na nani wewe? Mwite baba uone kama ataondoka."

Sharifa akaacha kazi. Vidole vyake vilikuwa vimelowa maji ya mabibo, na nzi wanamtua hata hawafukuzi. "Wallahi?" akaniuliza.

"Wallahi."

Tulirudi nyumbani na ndoo zetu kichwani, mimi mbele, nikiimba. Nilijiona mjanja hakuna mfano. Nimempa kitu cha bure, amenirudishia changu.

Siku ya kuhitimu nilipakwa hina tangu asubuhi, nikavishwa gauni jeupe na mtandio, asumini zikashonewa shingoni mpaka nikawa nanuka kama bibi harusi. Nilisoma mbele ya mwalimu wetu wa chuo na wazee wa kijiji. Dua ikapigwa. Mjomba Bakari, kanzu yake imenyooka, kofia mpya iliyodariziwa, akachuchumaa mbele yangu. Nikapanda. Akasimama, na dunia ikashuka chini yangu.

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ile tena. Niliona mapaa ya makuti na ya bati. Niliona korosho zimeanikwa uwanjani kwa watu. Niliona vichwa vya rafiki zangu wote, na mikono ya Mjomba imenishika vifundo vya miguu, mizito, ina alama za mafuta ya jikoni. Dufu zikapiga. Bibi akapiga kigelegele chake kile chembamba kisichoisha pumzi. Chini kabisa, kati ya miguu ya watu, nilimwona Sharifa anajaribu kutufuata. Wakubwa wanampita, vumbi linamfunika, kandambili moja imemchomoka. Nikainua kidevu. Leo ni leo, nikasema moyoni.

Ndipo ikasikika sauti, "Baba!"

Hakuna aliyegeuka, maana njia nzima ilikuwa imejaa baba za watu. Ikaja tena, kubwa zaidi, imepasuka katikati: "Baba! Baba Bakari! Ningojee!"

Mjomba alisimama ghafla hata nikakaribia kupitiliza mbele. Dufu ziliendelea kwenda. Shingo yake ilikuwa katikati ya magoti yangu, na niliisikia imekuwa ya moto. Akageuka. Akachuchumaa, mimi nikiwa bado juu, akanyoosha mikono, yote miwili, akamnyanyua Sharifa na vumbi lake, akamkumbatia kifuani kwenye kanzu ile nyeupe. "Naam, mwanangu," akasema. "Nipo. Sikuachi." Sauti yake sikuitambua.

Tukaenda hivyo mpaka nyumbani. Watu walishangilia kuliko mwanzo, wengine wakadhani ndivyo ilivyopangwa. Mama Sharifa alisimama pembeni ya njia, baibui kalibana mdomoni, hapigi kigelegele wala nini. Na mimi? Mimi nilishika kichwa cha Mjomba kwa mikono yangu mwenyewe, kofia imekaa upande, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi nyingine. Hakuna aliyenishika miguu. Siku yangu, jamani, na nilijishikilia mwenyewe.

Tangu hapo Sharifa hakutamka tena anko. Mjomba alikuwa wangu peke yangu, kamili, kama nilivyotaka. Walipopanda lori kurudi Masoko Sharifa alinipungia mkono akicheka, kisha akajilaza juu ya magunia, kichwa kwenye goti la mtu ambaye sasa alikuwa baba yake. Nilitazama lori mpaka vumbi likaisha. Wivu ulikuwa ungali unaniuma, tena zaidi ya kwanza, na sasa sikuwa na la kudai. Nilimwambia Bibi tumbo linaniuma, akanipa maji ya ukwaju.

Miaka ikapita. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilikuta maktabani kamusi moja ya Kiingereza nene kama tofali, ile inayoeleza kila neno limetoka wapi. Unajua nilikimbilia lipi. Nikasoma kwamba 'uncle' Waingereza wamelichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa wamelirithi kutoka Kilatini, na kwenye Kilatini lilikuwa na maana moja tu: kaka wa mama. Baba mdogo na baba mkubwa walikuwa na neno lao mbali kabisa. Tena lenyewe limezaliwa kutokana na babu, kama kusema babu mdogo. Nilicheka peke yangu mpaka mkutubi akanikazia macho. Kumbe na wao walikuwa na mjomba! Walianza naye kama sisi, kisha wakawa wanakaribisha wageni kwenye neno, huyu na yule, mpaka likafika Kilwa limechakaa, anaitwa hivyo mtu wa kupita njia na mwanamume ambaye mama hajajua kama atakaa. Siku hiyo nilijiona nimeshinda kesi. Sharifa, nikasema, neno lilikuwa langu tangu kwa Walatini.

Mwaka jana Mjomba Bakari alifariki. Alizikwa Milola. Wanawake tulikaa kwenye mikeka ndani, mama yangu na mimi tukawekwa mbele, kwa kuwa wenye msiba kwa desturi ni sisi. Watu wakaingia wakatushika mikono, "Poleni kwa msiba, Mungu amrehemu." Na wazee walikwishasema kwa sauti ya chini kwamba mikorosho yake ni ya watoto wa dada yake, yaani mimi na kaka zangu. Sharifa alifika amechelewa, ametoka Masoko. Alikaa kule ukutani kama jirani. Kisha akajifunika kanga akalia, "Baba yangu. Baba yangu jamani."

Nami nikafungua kinywa nimlilie mjomba wangu. Neno likatoka, lakini likawa dogo. Nililiita mara ya pili, nikasikia halifiki mahali panaponiuma. Nilimtafuta moyoni mwangu huyo niliyempoteza, yule aliyenibeba, aliyenilipia shule, aliyekuja kwa miguu mvua ilipokata barabara, nikaona mtu huyo ana jina jingine, na sikuwahi kumwita hilo hata siku moja. Nililidharau nikiwa mdogo kwa sababu niliyepewa wa kumwita hivyo alikuwa wa kiti cha wageni. Nikamgawia Sharifa chini ya mkorosho, nikadhani nimetupa takataka.

Nilisogea mpaka ukutani alipokaa. Aliinua upande wa kanga yake akanifunika, tukawa wawili humo ndani, kwenye joto na harufu ya udi. Nikasema, "Baba." Mara moja tu, taratibu, asisikie mtu. Na hata hapo nilimwonea wivu Sharifa, kwa sababu yeye alipomwita hivyo, aliitikiwa.